Hadisi Ina Mwenyewe

Kuna neno ambalo sisi watu wa Mitwaba, wenye kubaki kule na wenye kuishi huku Lubumbashi, tumelisikia mpaka masikio yamechoka. Ukimwambia mtu aliyesoma kwamba unataka kuandika na kutafsiri hadisi za bamama wazee wa kwetu, atacheka kidogo na kusema: "Ile ni mambo ya batoto. Andika kintu ya maana." Mwenye kusema vile si mjinga. Mara nyingi ni mwalimu, ni mwanasheria, ni padri au pasta, mtu ambaye utoto wake wote alilala akisikiliza zile hadisi kando ya moto. Anazijua. Ndiyo sababu tunamkasirikia.

Lakini kuna wa pili, na huyu ndiye tunataka kugombana naye zaidi, kwa maana huyu anazipenda. Anazikusanya, anazitia katika Kifaransa kizuri, anazichapa, na juu ya jalada anaweka jina lake. Ndani anaandika: "hadisi ya Wazela", "hadisi ya Waluba", "hadisi ya Wasanga", "hadisi ya Walomotwa". Kana kwamba kabila zima lilikaa chini usiku mmoja, likafungua kinywa kimoja, likahadisia. Ukimwuliza ni nani aliyemhadisia, atajibu: "Mama muzee moja wa pale." Basi. Jina la mama muzee limepotea, la mwandishi limebaki, na tunaitwa kupiga makofi.

Sisi tunasema: hadisi ya mama muzee ni kazi ya mtunzi kama vile kazi nyingine ya mtunzi. Itafsiriwe, ndiyo, tena haraka. Lakini itafsiriwe na jina la mwenyewe, na maneno yake, na ukali wake.

Tujieleze. Kila mtu wa kwetu anajua hadisi ya binti aliyekataa wanaume wote. Wanakuja mmoja mmoja na mahari, yeye anawaona wote kuwa na kasoro, mpaka siku moja anafika mgeni mzuri asiye na kovu hata moja mwilini, na binti anasema: "Njo huyu." Anamfuata mbali, na huko anagundua kwamba bwana wake si mtu. Hadisi hii inajulikana katika inchi nyingi za Afrika, hatudai kwamba ilizaliwa Mitwaba. Lakini wasikilizeni bamama watatu wakiihadisia. Wa kwanza anamtuma kaka mdogo, yule mwenye vidonda ambaye dada alimdharau, aende kumwokoa. Hii ndiyo ile iliyoingia katika vitabu vya masomo, sababu inafaa kuwafundisha mabinti kusikia wakubwa. Wa pili hamtumi mtu. Binti anajiokoa mwenyewe kwa akili: anatwanga usiku kucha ili yule mnyama asikie kinu na afikiri mke bado yuko, kumbe aliyeshika mti wa kutwangia ni mwingine na binti yuko njiani. Wa tatu anamwacha binti kule kule. Ananyamaza kidogo, anatia kuni ndani ya moto, halafu anawageukia wasikilizaji na kuuliza ni nani mwenye kosa: binti aliyechagua, au baba aliyehesabu mali ya mgeni bila kuuliza anatoka mugini gani?

Hizo ni hadisi tatu. Mifupa ni ile ile, nyama ni ya kila mmoja. Yule wa tatu alikuwa na jambo la kumwambia mtu fulani aliyekaa pale pale kwenye moto, pengine bwana wake, na alilisema bila kulisema. Kama hii si kazi ya mtunzi, ni kazi ya nani? Katika masomo tunafundisha kwamba hadithi fupi ni ile yenye tukio moja, watu wachache, na mwisho wenye kumpiga msomaji. Tunawapa watoto mifano ya Wafaransa. Nkambo wa mtoto yuko nyumbani, anaitunga kila juma, na mtoto hafundishwi kwamba ile nayo ina jina.

Tunajua jibu ambalo tutapewa: "Hadisi ni ya wote, haina mwenyewe. Nkambo aliipokea kwa nkambo wake." Ni jibu lenye nguvu, hatulipiti kwa haraka. Lakini tuangalie muziki. Rumba ni ya wote. Mwendo wake, gitaa zake, namna ya kuita na kuitikia, hakuna mtu anayeweza kusema alivinunua. Hata hivyo "Indépendance Cha Cha" ya mwaka 1960 kila mtu anajua ni ya Joseph Kabasele, Grand Kallé, na African Jazz yake. Hakuna aliyeandika juu ya sahani: "wimbo wa Wakongomani". Mwaka 2021 UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa dunia, tulifurahi sana, na tulitaja majina: Kabasele, Franco, Tabu Ley. Kwa hiyo tunajua vizuri sana kwamba jambo linaweza kuwa la wote na bado kazi fulani ikawa ya mtu fulani. Tunajua kwa wanaume wenye gitaa. Tunasahau kwa mwanamke mwenye kinu.

Na jambo hili lina historia yake hapa Katanga. Mwingereza William Burton alifika inchi ya Waluba mwaka 1915 na alikaa huko miaka mingi sana, akajifunza Kiluba vizuri kuliko wengi wetu leo. Mwaka 1961 hadisi alizokusanya zilitoka London kwa Kiingereza katika kitabu The Magic Drum. Hatumtukani: bila yeye nyingi zingekuwa zimekufa. Lakini jina la jalada ni la Burton. Ndiyo ilikuwa desturi ya wakati ule, na wakoloni wengi hawakufanya hata nusu ya ile kazi. Kinachotuuma ni kwamba wakoloni walienda na desturi ikabaki, sasa mikononi mwa watoto wa kwetu.

Tumepata pia mfano mwingine, wa mwanamke wa inchi yetu. Clémentine Nzuji, aliyezaliwa Tshofa mwaka 1944, alikuwa mshairi kwanza, kisha mtaalamu wa lugha. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya vitendawili vya Kiluba, na mwaka 1974, hapa Lubumbashi, kitabu juu ya kasala, ile nyimbo ya sifa ya Waluba wa Kasai. Alichukua maneno ya kinywa na kuyapima kama vile mtu anavyopima mashairi ya Ulaya: hapa pana mapigo, hapa pana sura, hapa mwimbaji ameongeza chake. Kwa miaka hamsini sasa mlango uko wazi. Ni wangapi wamepita? Kwa upande wa Kiluba na Kiluba cha Kasai tunaona wachache. Kwa upande wa Kizela na Kilomotwa, nyumba iko karibu tupu.

Tena mtu asituambie kwamba Kiswahili chetu cha Katanga hakiwezi kuandikwa wala kutafsiriwa. Johannes Fabian, aliyefundisha katika iniversite ya hapa katika miaka ya 1970, alionyesha kinyume. Mwaka 1990 alichapa ile historia ya Elisabethville ambayo André Yav aliiandika mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha maboi, Kiswahili kama kilivyokuwa, na Kiingereza kando yake. Mwaka ule ule alitoa kitabu juu ya mchezo wa kundi la Mufwankolo. Mwaka 1996 ikawa zamu ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji, aliyeeleza picha zake za historia ya Zaire. Maneno ya boi, ya mchezaji, ya mchoraji, yote yalitoka kwa Kiswahili cha mtaa na kuingia katika Kiingereza cha maprofesa bila kufuliwa na kupigwa pasi kwanza. Na majina yako pale. Sasa hesabuni: Yav, Mufwankolo, Tshibumba. Mwanamke yuko wapi? Kundi la Mufwankolo lilikuwa na waigizaji wanawake, lakini jina linalobebwa na kundi ni la mwanaume.

Vile vile leo. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 mwaka 2014, na mwaka uliofuata kitabu kilikuwa tayari kwa Kiingereza. Dunia ilikisoma. Tunafurahi, ni wa kwetu. Lakini mtu akiuliza dunia inajua nini juu ya maneno ya wanawake wa Katanga, jibu ni fupi. Kati ya mwaka 2003 na 2009 kulitoka vitabu vinne vikubwa kwa Kiingereza vyenye jina Women Writing Africa, wanawake wakiandika Afrika: kusini, magharibi na Sahel, mashariki, kaskazini. Ndani yake mna barua, nyimbo, hadisi, maneno ya mahakamani, vingi vikiwa vimetafsiriwa kutoka lugha za nyumbani. Zambia imo, jirani yetu, ambayo watu wetu wanavuka kwenda kununua unga. Tanzania imo. Kongo haimo katika hata kimoja. Kaskazini hatumo, kusini hatumo, mashariki hatumo, magharibi hatumo. Inchi kubwa namna hii imepita katikati ya vidole.

Hatuwalaumu waliotengeneza vitabu vile. Mtu anatafsiri kile alichopewa. Sisi tulitoa nini?

Tutazame mbali kidogo, India, katika jimbo la Maharashtra ambako wanasema Kimarathi. Ile si lugha ndogo: hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta zaidi ya milioni 80 wanaoisema nyumbani. Hata huko wanawake waliachwa nyuma katika kutafsiriwa, na imebidi watu wapigane kwa kila hadisi fupi iliyoandikwa na mwanamke ili iingie katika Kiingereza. Lakini walifanya jambo moja ambalo linatuhusu. Kulikuwa na mama mkulima, Bahinabai Chaudhari, aliyezaliwa mwaka 1880. Hakujua kusoma wala kuandika. Alitunga akiwa kazini, akisaga nafaka, akilima, kwa lugha ya mugini wake ambayo watu wa mjini waliicheka. Mwana wake Sopandev, mshairi naye, alikuwa ameyaandika maneno ya mama kwenye daftari. Mama alifariki mwaka 1951, na mwaka 1952 kitabu kilitoka. Kwa jina la nani? La Bahinabai. Mwana angeweza kusema ni yake, au kusema ni nyimbo za wakulima wa kule. Hakusema. Leo watoto wa Maharashtra wanasoma mama yule katika masomo. Na kuanzia miaka ya 1980, watu wawili, Hema Rairkar na Guy Poitevin, walizunguka migini kukusanya nyimbo ambazo wanawake wanaimba kwenye jiwe la kusagia. Walipata zaidi ya 100,000, zikaanza kutafsiriwa kwa Kiingereza, na wimbo unaonyeshwa pamoja na jina la mwimbaji na mugini wake. Nyimbo za kusaga! Sisi tunatwanga muhogo na mahindi kila siku ya Mungu, na tunaambiwa kwamba kelele za kinu hazina majina.

Sasa, kutafsiri kwa lugha gani? Hapa hata kati yetu tunabishana. Wengi wanataka moja kwa moja Kifaransa, sababu ndicho cha biro na cha iniversite. Sisi tunasema Kiswahili kwanza, na si kwa kujivuna tu. Chukueni ile hadisi ya binti na bwana wake asiye mtu. Usiku mke anasikia mlango: anakuja, anabisha, anaingia, anakaa. Nani? Mama muzee hasemi. Hapo wasikilizaji wote wanashika pumzi, maana anaweza kuwa bwana, anaweza kuwa mama wa bwana, anaweza kuwa yule mnyama. Lugha zetu zinaruhusu giza hilo, kwa sababu ile "a" ya mwanzo haisemi kama ni mwanaume au mwanamke. Kiswahili nacho kinaruhusu. Kifaransa hakiruhusu: neno la kwanza tu mtafsiri analazimishwa kuchagua, na akishachagua amewasha taa ndani ya nyumba ambayo nkambo aliifunga madirisha kwa makusudi. Mwenye ufundi atapata njia, lakini atapata njia ikiwa anajua kuna shimo. Akianza na Kiswahili analiona.

Au chukueni neno buko. Mtu wa Katanga akisikia kwamba mke amekaa chini ya mti mmoja na buko wake na kula bukari naye, anashtuka: jambo baya limekwisha kutokea. Kwa Kifaransa ni chakula cha mchana na wakwe. Hakuna kilichotokea. Hadisi nzima imeanguka chini na msomaji hakusikia hata mshindo.

Kwa upande mwingine kuna bwana wa Kiswahili bora. Anachukua maneno ya nkambo na kuyanyoosha mpaka yafanane na ya Zanzibar. Tunaheshimu Kiswahili bora, hata maandishi haya yanajaribu kukifuata, na msomaji ameona tayari fasi ambapo tumeshindwa au hatukutaka. Lakini hadisi itafsiriwe kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Mitwaba anasikia bila kuuliza. Kando yake, ukurasa wa pili, yabaki maneno ya mama kwa Kizela au Kilomotwa au Kisanga kama alivyoyasema, na wimbo wa ndani ya hadisi usiguswe: uachwe katika lugha yake, maana ukiutafsiri hakuna mtu atakayeuimba.

Halafu kuna kisu. Kisu hiki tumekiona wenyewe. Tuliwahi kupeleka hadisi kumi na moja kwa mchapaji mmoja, hatumtaji. Alizipokea kwa heshima. Aliomba mambo matatu: majina ya bamama yatoke, kitabu kiitwe cha mkoa mzima ili kiuzwe, na kila hadisi ipate funzo chini yake kwa watoto. Hadisi mbili alizirudisha kabisa. Moja ilikuwa ya wake wenza ambao mwishoni wanapatana na kumwacha bwana na sufuria zake. Nyingine ilikuwa ya mjane aliyefukuzwa na ndugu za marehemu, naye akaondoka na mbegu zote ndani ya nywele zake. Alisema hazijengi jamaa. Tulichukua karatasi zetu tukarudi nyumbani. Huyo mjane mwenye mbegu, tunajua mama aliyemtunga. Na yeye alifukuzwa. Mtu anapoweka funzo chini ya hadisi ile, "watoto, tuwaheshimu wakubwa", ametafsiri nini?

Mtu atasema haya yanaweza kungoja, kwanza barabara, kwanza hospitali. Barabara tunaitaka kuliko nyote, sisi ndio tunaopanda kamyo. Lakini mambo haya hayangoji. Wenye umri wanakumbuka mwaka 2005 na 2006, vita ya Mai-Mai na jeshi katika ile pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto ambayo watu waliiita ya kifo. Migini ilichomwa, watu walikimbilia Dubie na kwingine na kuishi kambini. Mwezi wa tano 2006 Gédéon Kyungu alijisalimisha pale pale Mitwaba, tukafikiri imekwisha. Mwaka 2011 alitoroka gerezani Kasapa, na miaka iliyofuata Bakata Katanga wakarudisha moto katika pande zile zile. Nyumba zilijengwa tena, mashamba yalilimwa tena. Bamama wazee waliokufa njiani na kambini hawakurudi, na wale waliofika Lubumbashi wanaishi kwa watoto wao katika mitaa ambayo usiku kuna televisheni, na wajukuu wanawajibu kwa Kiswahili na Kifaransa. Anayejua hadisi arobaini anapata nani wa kumwitikia?

Tena Serikali haina fasi ya kujificha. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza kabisa, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inasema lugha nyingine za inchi ni sehemu ya urithi wa Wakongomani ambao Serikali inalazimika kuulinda. Kizela kimo katika ile sentensi. Tungependa kuona biro moja ambayo mtu anaweza kuingia na daftari la hadisi na kuuliza: ule ulinzi unapatikana kwenye mlango gani?

Kuhusu majina tuongeze neno, ili tusije tukageuka mabwana wapya. Kuna mama ambaye hataki jina lake. Anaogopa familia ya bwana itajiona ndani ya hadisi, na mara nyingine itajiona kweli. Huyo aachwe, liandikwe jina ambalo yeye mwenyewe amelichagua. Lakini aulizwe. Mpaka leo kazi hii imekwenda bila kumwuliza, halafu tunasema hakupenda. Na kama kitabu kinaleta hata franka kidogo, mfuko wa chumvi na kitenge si malipo ya mtunzi. Hiyo ni zawadi ya mgeni. Na mtafsiri awe, kwanza, binti wa kwetu anayesikia lugha ile bila kuelezwa. Mbele ya mwanaume mwenye simu mkononi, bamama wengi wanatoa ile hadisi ya kaka mdogo na vidonda vyake. Ile ya tatu wanaiweka kwa ajili ya mabinti.

Jambo la mwisho ni la kazi tu. Wengi wenu huku Lubumbashi mna sauti za bankambo ndani ya simu, mlizinasa wakati wa matanga au wakati wa likizo. Bamama wengi wanakataa kuhadisia mchana, kwa hiyo zile za usiku, hata zenye mbwa na watoto wanaolia ndani yake, ndizo nzuri. Simu inaibiwa, inaanguka ndani ya maji. Kabla ya kutuletea, andikeni kwenye karatasi vitu vinne: jina la mwenye kuhadisia, mugini wake, lugha aliyotumia, na mwaka. Kama mmesahau jina, pigeni simu kwa shangazi, bado anakumbuka.